Hatuendi kwa Mstari

Siku ya tatu ya mafunzo, sajini wetu alituua sote kumi na wawili kabla hatujanywa chai.

Tulikuwa tumesimama chini ya misonobari, tumekusanyika kama watu waliotoka kanisani, tunavuta sigara na kulalamikia viatu. Nilisikia mvumo juu ya vichwa vyetu, nikadhani ni msumeno wa wakata miti. Mara kifuko cha unga kikanipasukia begani, kingine kikaanguka katikati yetu, na kabla sijajifuta macho wote tulikuwa weupe kama waokaji mikate. Droni ikapaa, ikazunguka mara moja kama inayotucheka, ikaenda zake.

Sajini akatokea nyuma ya mti, anachechemea.

"Haya, marehemu," akasema. "Nani kati yenu alitazama juu?"

Tukaendelea kujifuta unga.

"Hakuna. Kumi na wawili, na wote walikuwa wanatazama viatu. Wake zenu wameshapigiwa simu, wameshalia, wengine wameshaolewa. Kachukueni mabeleshi."

Huyo ndiye Yukhym Barabash. Jina lake la vitani lilikuwa Msumari, na sisi hatukumwita vingine. Kabla ya vita alikuwa fundi wa lifti mjini Kremenchuk. Mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ulikuwa wa bandia, na alipokasirika aliugonga kwa fimbo hadi tukasikia chuma. Aliyekuwa akirusha droni ni koplo mmoja mwanamke, Yaryna, aliyekuwa na saluni ya nywele huko Uman, nasi tukimwita Kinyozi. Alikuwa hakosei. Ungejificha kwenye kichaka kama sungura, bado angekutia unga sikioni.

Mimi naitwa Nykodym Shvets. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miaka ishirini na minne nilikuwa nafundisha jiometria katika shule moja ya Romny. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumpinga mkuu wa shule, wala mama mkwe, wala kondakta wa basi. Barua ya kuitwa jeshini ilipokuja nilitia sahihi nikaenda, si kwa ushujaa. Niliona aibu kubaki darasani huku wanafunzi wangu wa zamani wakirudi mjini ndani ya majeneza.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Tymish Holub, mfuga nyuki wa karibu na Myrhorod, mwenye miaka hamsini na mitatu na tumbo lililotangulia mbele yake kila alikokwenda. Kikosi chetu chote kilikuwa cha wazee wa namna hiyo. Vijana wa vikosi vingine walituita "kliniki".

Msumari hakutufundisha kupiga saluti. Alitufundisha kuchimba. Tulichimba asubuhi, tukala uji wa mtama mweusi, tukachimba tena. Alitufundisha kutembea wawili wawili, mita kumi na tano kati ya mtu na mtu, kando ya mistari ya miti, bila kukanyaga njia iliyokwisha kukanyagwa, kwa sababu majani yaliyolala huonekana kutoka juu kama barabara. Alitufundisha kufunga mkanda wa kuzuia damu kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa, mtu amelala matopeni na mwenzake anampigia kelele sikioni.

"Sekunde arobaini," alimwambia Tymish siku ya kwanza. "Umekufa, mzee."

"Afande, vidole vyangu ni vinene."

"Basi umekufa na vidole vinene. Rudia."

Akarudia mpaka ngozi ya mapaja ikawa ya zambarau.

Lakini kitu alichokirudia kuliko vyote kilikuwa kile kinachofuata baada ya mkanda. "Mkifika mahali pa usalama, kama saa mbili hazijapita, shindilieni kitambaa ndani ya kidonda, fungeni bandeji kwa nguvu, halafu legezeni mkanda polepole, mkitazama. Damu ikitulia, mkanda unakaa hapo umelegea. Ikitoka, kazeni tena. Mmenielewa?"

Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye shimo tunakula mkate na mafuta ya nguruwe, Tymish akamuuliza mguu ulipotelea wapi.

"Karibu na Bakhmut," Msumari akasema. "Tulikuwa ishirini na watatu. Afisa mmoja alitupanga kwa mstari, uwanja wazi, asubuhi kweupe, twende mbele tukipiga kelele. Ndivyo alivyosoma chuoni, na aliyemfundisha alisoma vivyo hivyo. Tulirudi sita." Akakata kipande cha mkate. "Mimi risasi ilipita kwenye nyama tu. Jeraha la wiki tatu. Mwenzangu akanifunga mkanda vizuri kabisa. Kisha mkanda ukakaa kwa saa tisa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba unalegezwa. Mguu uliuawa na mkanda, si na Mrusi."

Tuliporudi kuchimba, hakuna aliyelalamika.

Wiki ya nne akaja Meja Kolodii, mkuu wa uwanja ule wa mafunzo. Alikuwa mtu nadhifu, anayenukia sabuni, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba mambo yakionekana sawa basi ni sawa. Alitukuta matopeni hadi kiunoni.

"Sajini, Ijumaa tunapata wageni kutoka makao makuu, na wapiga picha. Nataka shambulio la pamoja. Gari la kivita mbele, watu nyuma yake kwa mstari mmoja ulionyooka, wanapita uwanja hadi ile nyumba iliyobomoka, wanafyatua risasi baridi, wanapiga kelele. Kikosi chako kinakuwa bawa la kulia."

Msumari akapanda kutoka shimoni, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Hapana, afande."

"Hapana nini?"

"Siwapangi kwa mstari. Wakifanya mara moja kwa ajili ya picha, miguu yao itakumbuka. Siku wakiogopa, watafanya kile miguu inachokumbuka."

"Sikukuuliza maoni yako. Hiyo ni amri."

"Basi niandikie, afande meja. Kwenye karatasi, na jina lako na sahihi: namwamuru Sajini Barabash awafundishe watu wake kuvuka uwanja wazi kwa mstari chini ya droni. Niandikie, nitaibandika ukutani pale wageni watakapopita."

Meja akawa mwekundu mpaka masikioni. Hakuandika. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kuanzia saa hiyo Msumari hana kikosi, aende akakae chumbani kwake asubiri. Kisha akatugeukia sisi.

"Nyinyi! Tokeni humo. Jipangeni."

Tukatoka. Magoti yangu yalikuwa yanakwenda kujipanga yenyewe, kama yalivyojipanga maisha yangu yote mbele ya kila mtu mwenye sauti. Nikamwona Msumari anaondoka kwenye njia ya mchanga, fimbo mkononi, hageuki nyuma. Na nikasikia mtu anasema:

"Sisi hatuendi kwa mstari."

Nilichelewa kidogo kutambua kwamba ni mimi.

"Unasemaje, babu?" Meja akauliza.

"Nasema hatuendi kwa mstari, afande. Utatufunga, tufunge. Mimi ni mwalimu wa jiometria. Mstari ulionyooka ni kitu kizuri sana ubaoni. Pale uwanjani kuna mita mia nne hazina hata shina la alizeti."

"Na mimi siendi," Tymish akasema, akasogea pembeni yangu. "Halafu, afande, nitazame vizuri. Mimi nikiwa kwenye picha, adui atacheka afe, na hiyo ni silaha isiyoruhusiwa."

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Wengine wakasogea, mmoja mmoja, mpaka tukawa kumi na wawili tumesimama ovyo ovyo, mita kadhaa kati ya mtu na mtu, jinsi tulivyozoeshwa. Meja alituangalia. Angeweza kutupeleka mahakamani wote, lakini Ijumaa ilikuwa kesho kutwa, na kliniki nzima kukataa amri kabla ya wageni hakungekuwa habari njema kwake.

"Afande," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na sikujua namna ya kuacha, "wapeleke wengine kwa mstari. Kisha tupeleke sisi kwa namna yetu. Uwanja huohuo, nyumba hiyohiyo, Kinyozi na unga wake juu. Akiua zaidi ya nusu yetu, tutatembea kwa mstari wiki nzima, na tutaimba."

Akatabasamu. Nadhani aliona jinsi wazee kumi na wawili watakavyofedheheka mbele ya makao makuu, na kwamba hiyo ni adhabu nzuri kuliko mahakama.

"Mtaimba," akasema.

Ijumaa ilikuwa na jua. Wageni walikaa kwenye jukwaa la mbao: kanali mmoja mwenye mvi na macho ya mtu asiyelala, maafisa wanne, wapiga picha wawili. Vijana arobaini wa kikosi kingine wakatoka nyuma ya gari la kivita kwa mstari mzuri sana. Sijawahi kuona mstari mzuri kama ule. Walipiga kelele hadi ngozi ikasisimka. Halafu droni mbili zikaja, ya Kinyozi na ya mwenzake, na vifuko vikaanza kudondoka. Mwanzoni watu wa jukwaani walicheka. Kijana mmoja alidondokewa kofiani akacheka yeye mwenyewe. Dakika ya tano vicheko vilikuwa vimeisha. Waliotiwa unga waliambiwa walale chini, na uwanja ulikuwa umelala watu weupe kuanzia ukingoni hadi katikati. Thelathini na mmoja. Wapiga picha walikuwa wameshusha kamera zao.

Kisha ikawa zamu yetu.

Tuliingia kutoka upande wa mashariki, ambako kuna mtaro wa zamani wa maji na safu ya miti ya mshita. Wawili wawili. Kwa nusu saa hakuna kilichoonekana, na baadaye niliambiwa kwamba afisa mmoja aliuliza kama tumetoroka. Mimi nilikuwa na Tymish, tumelala chini ya matawi, mchwa wananitembelea shingoni, naye amefumba macho.

"Umelala?" nikanong'ona.

"Nasikiliza, Mwalimu. Nyamaza." Akainua kidole kimoja kinene. "Hiyo imebeba. Inavuma kwa uzito, kama nyuki anayerudi na mzigo. Tulia." Mvumo ukapita juu yetu, ukaenda, ukarudi. Mahali fulani kushoto kikasikika kishindo cha unga, na mwenzetu mmoja akatukana. "Sasa imetua mzigo. Sikia, imekuwa nyembamba. Ya pili iko mbali. Twende!"

Tukaenda mita thelathini, tukalala tena. Betri ya droni haidumu nusu saa. Kila ilipokwenda kubadilishwa tulisogea, na iliporudi tulikuwa majani. Ilituchukua saa moja na dakika kumi. Meja alikuwa anatazama saa yake na kutikisa kichwa, lakini kanali, wanasema, alikuwa amesimama tayari.

Wanane walifika ndani ya nyumba. Mimi sikufika. Nilipouona mlango mbele yangu nilisahau kila kitu nikasimama nikakimbia, na Kinyozi akanipata mita sita kutoka kizingitini, kisogoni kabisa. Tymish alikuwa ameshaingia, anachungulia dirishani.

"Pole, marehemu!" akaniita. "Mjane nitamtunza!"

Kanali alishuka jukwaani, akapita katikati ya wale vijana weupe waliokuwa wanajipangusa, akaja hadi niliponyooka kwa heshima, unga unanichuruzika usoni.

"Nani aliwafundisha?"

"Sajini Barabash, afande."

"Yuko wapi?"

"Chumbani kwake, afande. Ameadhibiwa kwa kutufundisha."

Ningependa kusema kwamba siku hiyo haki ilitendeka. Kanali alimwita Meja pembeni wakazungumza muda mrefu. Baada ya hapo mstari haukufundishwa tena katika uwanja ule, na mafunzo ya vikosi vyote yaliongezwa siku kumi. Lakini kukataa amri kulikwisha kuandikwa kwenye faili, na faili lina miguu yake lenyewe. Wiki moja baadaye Msumari alihamishiwa bohari la sare. Alitupungia mkono kutoka nyuma ya lori, na maneno yake ya mwisho kwetu yalikuwa matusi kuhusu kukimbia kwangu.

Oktoba tulipelekwa vitani, Donechchyna. Mimi na Tymish tulipewa shimo moja chini ya safu ya miti, upana wa kitanda, tukae siku tano. Tulikaa kumi na tisa. Hakuna aliyeweza kutufikia kwa miguu. Droni zetu zilituletea maji, mkate na betri za redio.

Siku ya saba Warusi walituletea droni yenye kipaza sauti. Ikasimama juu ya miti ikaanza kusema kwa sauti ya upole kwamba tumeachwa, kwamba maafisa wetu wamekimbia, kwamba tutoke mikono juu, kuna chakula cha moto.

Tymish akatoa kichwa nje kiasi cha kiganja.

"Njoo wewe!" akapaza sauti. "Shuka uje utuchukue! Na viatu uvue mlangoni, tumefagia!"

Ilikuwa ni upumbavu, wangeweza kutupata kwa sauti ile. Lakini nilicheka hadi nikalia, na baada ya hapo sikuogopa kama nilivyokuwa naogopa.

Siku ya kumi na moja walikuja. Msifikiri hao hawajifunzi. Nao walikuja wawili wawili, kwa utulivu, kwenye mtaro wa upande wa kulia. Nilikuwa nimeutazama mtaro ule kwa siku kumi kama ninavyoutazama mchoro. Ulikuwa na kona moja ambapo mtu anayetoka kulikopinda haoni mbele hatua kumi, na lazima asimame kupumua. Nilikuwa nimeielekeza bunduki hapo, na nilikuwa nimemtajia mrusha droni wetu kona hiyo kwenye redio. Wa kwanza aliposimama, nilifyatua. Alikuwa na ndevu nyekundu. Wa pili alipatwa na droni yetu. Wengine walirudi. Sitaeleza zaidi nilivyojisikia. Nilibadilisha magazini.

Alasiri yake droni yao ilipasukia mlangoni kwetu, kipande kimoja cha chuma kikavunja redio, kingine kikaingia pajani mwa Tymish. Nilimrukia, lakini mikono yangu ilikuwa haifanyi kazi.

"Toka hapa!" akanifokea. Akautoa mkanda wake kifuani, akaupitisha, akaukaza kwa mkono mmoja huku ananitukana mimi, mama yangu na Pythagoras. "Ngapi?"

"Nini ngapi?"

"Sekunde, bwege!"

"Sijui! Kumi na tano!"

"Basi niko hai," akasema, akazimia.

Kutoka haikuwezekana. Hapakuwa na ukungu wa kutuficha, na uwanja ulikuwa wao. Baada ya saa moja na nusu, mikono yangu ilipotulia, nilishindilia kitambaa kidondani, nikabana kwa magoti, nikafunga bandeji, nikaulegeza mkanda kidogo kidogo, jicho langu halitoki kwenye damu. Ilitulia. Siku nane baadaye ukungu mzito ulishuka asubuhi, nasi tukatoka kwa miguu yetu, yeye akiegemea beleshi, kilomita saba. Waliotupokea walikuwa wameshatuandika kuwa tumepotea, kwa kuwa redio yetu ilikuwa haisikiki tangu ule mlipuko.

Hospitalini Dnipro daktari alimtazama Tymish mguu wake akauliza nani aliulegeza mkanda. Aliposikia ni mwalimu wa shule, alinipa mkono.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa kamanda wa brigedi yetu bila kuitwa. Walinzi walijaribu kunizuia. Nilikuwa nanuka kiasi kwamba hawakujaribu sana.

"Afande, katika bohari moja kuna mtu anapanga soksi. Ninamtaka hapa."

Alivuta faili, akasoma. "Hapa wanasema ni mkaidi, hatii amri."

"Ni kweli, ni mkaidi. Mimi nisingekuwa nimesimama hapa kama angetii."

Akasema atafikiri. Niliandika barua tatu. Ya tatu tuliitia sahihi sisi wote tuliokuwa hai, na Kinyozi pia. Ilichukua wiki sita.

Msumari alifika mwezi Januari katika machimbo ya mawe ambako brigedi yetu huwafundisha wapya. Alinikuta mimi huko, bega langu moja limekakamaa tangu nilipoanguka shimoni, nimepewa kazi ya kusaidia. Hakunikumbatia. Alikaa juu ya jiwe, akanyoosha ule mguu wake, akaniambia:

"Wangapi?"

"Tisa tuko hai."

"Watatu, basi. Walikufaje? Sema mmoja mmoja. Usinifiche."

Nikamwambia. Wawili walikwenda kumbeba majeruhi kabla droni ya pili haijapita. Wa tatu aliungua shimoni: mlango ulikuwa umenyooka, na droni iliingia moja kwa moja.

Theluji ilikuwa inammwagikia mabegani na hakuipangusa.

"Wale wawili niliwaambia wasubiri," akasema hatimaye, "lakini sikuwafanyia mazoezi huku majeruhi anawaita kwa majina. Ni kosa langu. Na huo mlango ni kosa langu, nilifundisha kina tu. Mlango unatakiwa upinde vipi, Mwalimu?"

"Mara mbili. Pembe mraba, halafu pembe mraba tena, na kati ya kona hizo pawe pafupi kuliko droni inavyohitaji ili igeuke."

"Wachoree."

Wapya ishirini walikuwa wanatoka kwenye lori, wamekusanyika pamoja, wanapuliza viganja na kutazama viatu vyao. Msumari akasimama, akaugonga mguu wake kwa fimbo mara mbili ili wageuke, nami nikaokota kipande cha chokaa nikaanza kuchora ukutani mwa machimbo.